UZI: Mkataba wetu na usharika wa Uskoti una safu mbili zisizolingana. Je, huu ni ushirikiano wa kimisheni au ni msaada uliobadilishwa jina?

#1 Karani wa Kikao

Amani kwenu. Naleta jambo ambalo limenisumbua tangu kikao cha wazee cha mwezi uliopita.

Parishi yetu ya PCEA (Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki) imekuwa na ushirikiano wa kimisheni na usharika mmoja wa Uskoti kwa miaka kumi na mitano, na sasa mkataba umefika wakati wa kuhuishwa. Kwa kuwa mimi ndiye karani, nilipewa kazi ya kuupiga chapa upya. Ukurasa wa pili una safu mbili. Safu ya upande wao ina vipengele sita: karo ya wanafunzi wanne, dawa za zahanati, vitabu, mabati ya ukumbi, ziara ya vijana na mfuko wa dharura. Safu ya upande wetu ina viwili tu, yaani kuwaombea na kuwatumia ripoti. Niliitazama ile nafasi tupu chini ya kipengele chetu cha pili kwa muda mrefu, nikaona aibu.

Sisi ni kanisa lenye neno Jitegemea katika utambulisho wake. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu, akiwa Katibu Mkuu wetu, alisimama mbele ya Wakristo wa Marekani mjini Milwaukee akawataka wawaondoe wamishonari wao na wasitishe fedha zao kwa muda usiopungua miaka mitano, ili makanisa yetu yapate nafasi ya kujitambua. Mwaka 1974 Mkutano wa Makanisa ya Afrika Yote, uliofanyika Lusaka, ukauunga mkono wito huo. Leo, zaidi ya nusu karne baadaye, naandika ripoti ya matumizi ya mabati. Ule wito ulipotelea wapi?

#2 Mwalimu wa Katekisimu

Karani, asante kwa uchungu wako. Kabla hatujahukumu safu hizo mbili, tukumbuke deni letu. Waskoti ndio waliotuletea Injili katika nchi hii. Mwaka 1891 msafara wa Dkt. James Stewart wa Lovedale ulifungua kituo Kibwezi, na malaria ikawaangusha wamishonari mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1898 Thomas Watson alihamishia kazi Ukikuyuni, na haikupita miaka mitatu naye akafariki. Jina la Thogoto, mahali pa kituo chao, ni namna wenyeji walivyolitamka jina la Waskoti. Watu waliozikwa kwa ajili yetu hawawezi kuhesabiwa katika safu za mkataba.

#3 Mkristo wa Pwani

Mwalimu, naheshimu makaburi hayo, ila sentensi moja sharti irekebishwe. Injili haikusubiri Waskoti. Krapf, mmishonari wa chama cha Kianglikana cha CMS, alifika Mombasa mwaka 1844, na kituo cha Rabai alichokianzisha na Rebmann kilikuwapo tangu 1846, miaka arobaini na mitano kabla ya Kibwezi. Wamethodisti nao walikuwa Ribe kuanzia 1862. Ninyi wa bara mna mazoea ya kuanza kuhesabu historia pale reli ilipowafikia.

#4 Mwalimu wa Katekisimu

Nakubali, nilipaswa kusema waliotuletea Upresbiteri. Ila kwa vile umetaja Waanglikana wa Pwani, nawe ukumbuke nani aliyevuruga Thogoto mwaka 1913. Wamishonari wa Kiprotestanti walikutana pale wakapendekeza shirikisho la misheni zao, wakamaliza kwa kushiriki Meza ya Bwana pamoja ndani ya kanisa la Waskoti, Askofu wa Mombasa akiongoza. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliposikia akawashtaki maaskofu wenzake kwa uzushi, na mjadala ukafika hadi kwa Askofu Mkuu wa Canterbury.

#5 Mkristo wa Pwani

Hilo nalipokea, na linanisikitisha hadi leo. Hata hivyo mbegu haikufa. Mwaka 1918 misheni zile ziliunda Muungano, na mwaka 1926 Muungano huo ukafungua Shule ya Upili ya Alliance palepale Kikuyu. Labda huo ndio mfano wa ushirikiano ambao Karani anautafuta, kwa kuwa wenye asili tofauti waliweka mkono katika kazi moja.

#6 Mjukuu wa Karing'a

Kwa heshima, dada na ndugu, mfano huo wa #5 ni ushirikiano wa wamishonari kwa wamishonari. Mwafrika alikuwa mwanafunzi wa shule hiyo, hakuwa mshirika wa uamuzi.

Karani ameuliza wito wa 1971 ulipotelea wapi. Mimi nauliza ulitoka wapi. Tunazungumza kana kwamba Jitegemea ilizaliwa ofisini kwa Katibu Mkuu. Babu yangu alikuwa mshirika wa misheni hadi 1929, wakati Dkt. John Arthur na wenzake walipowataka waumini waahidi kwa sahihi au kwa alama ya kidole kwamba wanakataa tohara ya wasichana. Ndipo watu wakagawanyika, waliotia alama wakaitwa kirore na wale wengine wakaitwa karing'a. Babu alitoka. Hakutoka kwa sababu ya kuipenda ile mila, maana mabinti zake mwenyewe hakuwapeleka, na ni vyema kwamba kanisa liliipinga. Alitoka kwa sababu, kama alivyotusimulia, aliambiwa ajibu ndiyo au hapana bila kuketi na kuzungumza. Yeye na majirani walijenga shule yao wenyewe, ukuta wa udongo na paa la nyasi, na kila mwenye mbuzi akatoa mbuzi. Hakuna usharika wa ng'ambo uliowatumia bati hata moja. Kwa hiyo kujitegemea kulianza nje ya misheni, na miaka arobaini baadaye kanisa likakuchukua na kukuandika kwenye nembo.

#7 Mchungaji Mstaafu

Ndugu wa #6, simulizi ya babu yako imenigusa, na wengi wetu tuna babu wa aina hiyo katika ukoo. Naongeza bila kupinga. Wazo la kanisa linalojitegemea, linalojitawala na linalojieneza lilikuwa limekwisha kuandikwa katikati ya karne ya 19 na Henry Venn wa Uingereza na Rufus Anderson wa Marekani, wakuu wawili wa vyama vya misheni. Wao walisema mmishonari mwema ni yule anayejiandaa kuondoka. Tatizo halikuwa kukosa wazo, bali ni kwamba waliokuwa na wazo waliketi London na Boston, na waliokuwa na funguo za stoo waliketi kwenye kituo.

Kuhusu #1, nilikuwa kijana mwanafunzi wa theolojia katika miaka ya sabini, na tulimshangilia Gatu. Nimeutumikia wito huo maisha yangu yote na nina maelezo yangu kuhusu kufifia kwake. Wito ulisema fedha na watu vizuiwe vyote viwili. Tulichofanya ni kupunguza watu. Nyumba za wamishonari zilibaki bila wamishonari, ila hundi ziliendelea kufika. Mtu anaonekana, tena ana rangi na sauti, kwa hiyo kutokuwepo kwake kulitupa hisia ya uhuru. Hundi haina sauti.

#8 Mweka Hazina

Mchungaji, shikamoo. Niruhusu nitetee hundi kidogo, maana mimi ndiye ninayeipokea katika parishi yangu.

Wengi wanaosema tusitishe misaada hawajawahi kuketi na vitabu vya hesabu vya zahanati. Kazi zetu nyingi zilianzishwa kwa kipimo ambacho washirika wa hapa hawangeweza kukibeba tangu siku ya kwanza. Hospitali ya Chogoria ilianza baada ya Dkt. Clive Irvine kufika huko mwaka 1922, na jengo lake lilitokana na fedha za Ernest Carr, mfanyabiashara aliyekuwa baba mkwe wake. Tukirudi nyuma zaidi, ile misheni ya Kibwezi ya #2 haikutumwa na kanisa. Iligharimiwa na wakurugenzi wa Kampuni ya Kifalme ya Afrika Mashariki, na Kanisa la Uskoti liliichukua rasmi mwaka 1901. Yaani urithi wetu ni wa majengo ya matajiri yaliyoachiwa mikononi mwa wakulima. Hatukuchagua ukubwa wa kazi, tulikabidhiwa tu. Mrithi akikosa uwezo wa kukarabati paa la nyumba ya urithi, je, ni utegemezi kumwomba ndugu wa mwenye nyumba asaidie?

#9 Binti Tumutumu

Mweka Hazina, hoja yako ni nzito, ila kumbuka tumepewa na mfano wa upande mwingine. Gospel Missionary Society, misheni ya Wamarekani kule Kambui na Ng'enda, ilijiunga na kanisa letu mwaka 1946, na makanisa yake hayakufa. Mama yangu alikulia upande huo. Anasema watu wazima walikuja ibadani na mayai na mahindi mapya, karani wa kanisa akaviandika kwenye daftari kwa jina la kila nyumba, na vilinunuliwa palepale baada ya ibada. Hadi leo tunapofanya mnada wa mavuno mimi huliona daftari lile.

#10 Mzee wa Wilaya

Nimewafuata tangu mwanzo. Mnatazama fedha mno, nami naona tatizo liko kwenye muundo. Upresbiteri maana yake ni utawala wa wazee. Uamuzi unatoka kwa baraza la wazee la parishi, unapanda presbiteri, unafika Mkutano Mkuu. Hakuna parishi iliyo kisiwa. Ushirikiano mwingi wa siku hizi unaruka ngazi hizo, kwa sababu mchungaji mmoja alikutana na mchungaji mwenzake masomoni wakaandikiana barua, na parishi mbili zikafungamana. Mchungaji akipewa uhamisho, ushirikiano unahama naye ndani ya simu yake. Parishi yetu ilikuwa na marafiki wa Marekani kwa miaka sita, na mchungaji alipohamishwa hatukuwa na hata anwani. Mnara wa tangi la maji wenye jina lao uko pale nje, na watoto wa madarasa ya Jumapili hawajui jina hilo ni la nani.

Karani, hebu niambie: mkataba wenu unajulikana kwenye presbiteri?

#11 Karani wa Kikao

Mzee, umenipata mahali penye kidonda. Unajulikana, lakini haukujadiliwa. Ulisomwa kama taarifa.

#12 Msomaji Mkongwe

Naomba kuongeza jambo ambalo sijaona likitajwa. Tunasema urithi wa Waskoti kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali Waskoti wenyewe waligombana vikali juu ya swali hilihili la Karani.

Mwaka 1843 zaidi ya wachungaji 450 walitoka katika Kanisa la Uskoti kwa sababu wenye mashamba walikuwa na haki ya kuwapachika wachungaji juu ya washirika wasiowataka. Waliacha nyumba, mishahara na majengo, wakaunda Kanisa Huru chini ya Thomas Chalmers. Wengine walihubiri kwenye mahema na ufukoni kwa sababu wenye ardhi walikataa kuwauzia viwanja. Chalmers alianzisha mfuko mmoja wa pamoja, kila usharika ukatoa kadiri ya uwezo wake, na mchungaji wa kijiji maskini akapata mgao sawa na wa mjini. Hiyo ni Jitegemea ya Kiskoti, na watu wanaotuletea mabati leo ni wajukuu wake, kwa maana upande mkubwa wa kanisa hilo uliungana tena na Kanisa la Uskoti mwaka 1929.

Lakini sikilizeni sehemu ya pili. Mwaka 1844 Kanisa Huru lilituma wajumbe Marekani kuchangisha, na sehemu ya fedha walizorudi nazo, takriban pauni 3,000, ilitoka kwa makanisa ya majimbo ya watumwa. Mwaka 1846 Frederick Douglass, aliyekuwa ametoroka utumwani, alizunguka miji ya Uskoti akiwataka wazirudishe, na watu wakaandika kauli hiyo kwenye kuta. Hazikurudishwa. Kanisa lililokuwa limejikomboa kutoka kwa mabwana wa ardhi lilishindwa kuiachia fedha ya mabwana wa watumwa, kwa sababu lilikuwa na majengo ya kukamilisha.

Mimi husoma habari hiyo kila ninapoona mkataba wa aina ya Karani. Siwalinganishi marafiki zake na wenye watumwa hata kidogo. Ninachosema ni kwamba anayepokea hupoteza uwezo wa kuuliza, na hili liliwapata hata hao tunaowaita baba zetu wa imani.

#13 Mwalimu wa Katekisimu

Msomaji, hilo la 1846 sikulijua, na nimefundisha darasa la ubatizo miaka ishirini. Asante.

#14 Mwenye Maswali

Swali la mtu asiye mzee wa kanisa: je, kufifia kwa mashirikiano si kwa sababu ya mafundisho pia? Miaka ya karibuni makanisa ya Magharibi yamebadili msimamo juu ya ndoa na juu ya nani anaweza kutawazwa, na sisi hatujakubaliana nao. Katika parishi yetu ziara moja iliahirishwa bila maelezo, na kila mtu alijua kisa.

#15 Mchungaji Mstaafu

Mwanangu, hilo ni kweli, wala halipaswi kufichwa. Ila ninalo neno moja. Kama tofauti hiyo ingekuwa ndiyo sababu halisi, tungewaandikia barua, tukaeleza kwa Maandiko, tukangoja majibu, kama vile presbiteri zinavyopaswa kufanya. Nimeona wengi wakikaa kimya hadi msaada wa mwisho umefika, ndipo dhamiri zao zikaamka. Mwaka 1970 makanisa ya Kipresbiteri na ya Kongregesheni ya ulimwengu yaliungana kuwa chombo kimoja hapa Nairobi. Tulikuwa wenyeji wao. Mwenyeji ana haki ya kusema na mgeni wake.

#16 Nendeni Kaskazini

Naandika kutoka upande ambao ninyi nyote wa kati mnauita shamba la misheni. Mimi ni mwinjilisti wa Nendeni, kazi ya misheni ya kanisa letu. Uzi huu umenifurahisha na kunihuzunisha.

Parishi tajiri za Kiambu, Nyeri na Nairobi hututembelea mara moja kwa mwaka. Wanakuja na mabasi mawili, nguo, unga na kipaza sauti. Wanapiga picha, wanaweka jiwe la msingi, wanaondoka Jumapili jioni kabla barabara haijaharibika. Sisi huku tunabaki kuandika ripoti. Karani, ile safu yako ya kulia yenye vipengele viwili, kuomba na kutoa ripoti, ndiyo safu yangu mimi kwenu. Mzee mmoja wa jamii ya wafugaji aliniuliza mbona wageni wetu hawaulizi kamwe tunasalije wakati mvua imekosekana. Sikuwa na jibu la kumpa.

#17 Mzee wa Wilaya

Ndugu yangu wa kaskazini, nilikuwa ndani ya basi la aina hiyo mwaka juzi. Nakuomba radhi. Hatukulala hata usiku mmoja kwenu.

#18 Mjukuu wa Karing'a

#16 amesema kitu ambacho hakimo katika maelezo yetu yote. Tumesaka mkosaji ng'ambo, tukamkosa mkosaji aliyepanda basi letu.

#19 Mweka Hazina

Hapo sasa mtaniambia basi lisiende na unga usipelekwe, na watoto wa kaskazini walale njaa ili sisi tuwe na theolojia safi. Sikubali. Kosa si unga.

#20 Nendeni Kaskazini

Mweka Hazina, unga uje. Ninachoomba ni kwamba anayeuleta akae siku tatu, na mwakani mmoja wa wazee wetu aje kuhubiri kwenu, kwa nauli yenu, na asipewe dakika tano za salamu bali apewe mimbari.

#21 Binti Tumutumu

Hili limenikumbusha jambo kuhusu wageni wa Uskoti waliokuja kwetu. Walituletea zawadi ndogo ndani ya sanduku la kitambaa, vipande vitatu vya risasi, si vikubwa kuliko sarafu ya shilingi ishirini, vyenye herufi za parishi yao na mwaka. Walitueleza kwamba zamani mzee wa kanisa alizitembelea nyumba za wilaya yake kabla ya Meza ya Bwana, na aliyeonekana yuko tayari alipewa kipande hicho akionyeshe Jumapili. Bibi mmoja wa Woman's Guild, mwenye miaka zaidi ya themanini, alikishika, akakigeuza, akasema, "Kumbe ni kadi yetu." Akatoa kwenye mkoba wake kadi ya Meza ya Bwana aliyopewa na mzee wa wilaya wiki ile. Mgeni aliyekuwa mbele yake alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwao siku hizi hakuna mzee anayebisha hodi, na kanisa alilobatiziwa limeuzwa.

Sijui hilo linaingia safu gani, Karani. Ninajua tu kwamba siku ile mgeni ndiye aliyeondoka na kitu.

#22 Mkristo wa Pwani

Dada, umenifanya niifikirie upya #5 yangu.

#23 Mwenye Maswali

Kwa hiyo tumefika wapi? Wito wa Gatu ulishindwa kwa sababu ya hundi (#7), au urithi mzito (#8), au wachungaji wanaohamishwa (#10), au mafundisho, au kwa sababu sisi wenyewe tunapenda kuwa wafadhili (#16)?

#24 Mchungaji Mstaafu

Mwanangu, hata mimi niliyekuwepo sikubali kwamba ulishindwa. Aliuliza kama makanisa yanaweza kupendana bila fedha kati yao, na hakuna aliyelijaribu jambo hilo kwa miaka mitano kamili.

#25 Mweka Hazina

Mchungaji, na zahanati ingeendeshwa na nani katika miaka hiyo mitano?

#26 Karani wa Kikao

Asanteni nyote. Kikao ni Jumamosi. Nimechapisha ukurasa wa pili upya, na katika safu yetu, chini ya maombi na ripoti, nimeongeza kwa penseli kipengele cha tatu: kwamba kila mwaka mzee mmoja wa wilaya kutoka kwetu akae na usharika wao kwa mwezi mmoja, atembelee nyumba zao kabla ya Meza ya Bwana, na nauli yake itoke kwenye mnada wetu wa mavuno. Nimeandika pia cha nne, kuhusu kaskazini, na presbiteri itakijadili kabla ya sahihi yoyote. Mweka hazina wetu amekwisha kuniambia kwamba nauli hiyo ni zaidi ya mnada wa miaka miwili. Nimemwomba aje Jumamosi na daftari.